Mizizi na Mifereji: Tofauti za Maumbile ya Mizizi ya Meno na Nafasi ya Kiswahili katika Kuzieleza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza tofauti zinazopatikana katika maumbile ya mizizi ya meno ya binadamu na umuhimu wa tofauti hizo katika tiba ya mifereji ya mizizi. Yanaonyesha kwamba idadi ya mizizi ya jino haitoshi kubainisha idadi ya mifereji iliyomo ndani yake, na kwamba mfereji mmoja ukiachwa bila kusafishwa tiba nzima huweza kuharibika. Hatimaye yanadai kuwa mazoea ya kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja, "mzizi", humnyima mgonjwa maelezo anayostahili kupewa, ilhali Kiswahili kina uwezo wa kutosha wa kuvitenganisha.

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii hutumiwa kuonya kwamba kitu cha bandia hakiwezi kuchukua kikamilifu nafasi ya kile cha asili. Hata hivyo, ikichukuliwa kwa maana yake ya juujuu, bado ina ukweli wa kitabibu. Jino la asili hushikwa tayani kwa nyuzi laini zinazohisi uzito wa kila tonge linalotafunwa. La bandia halina nyuzi hizo. Kwa sababu hiyo, jino lililooza hadi ndani haling'olewi ovyo ikiwa mizizi yake bado ni imara. Hufanyiwa tiba ambayo kwayo sehemu yake ya ndani iliyougua hutolewa, ikasafishwa na kuzibwa, nalo jino likabaki mahali pake.

Nchini Kenya tiba hii hutajwa zaidi kwa jina lake la Kiingereza. Anayejaribu kuieleza kwa Kiswahili husema kwamba daktari "ameua mshipa", "amesafisha mzizi" au "ameziba jino". Kauli hizi tatu zinaeleweka, lakini kila moja inaficha jambo. Ili kubaini kinachofichwa, ni sharti kwanza kuelewa jinsi jino lilivyoumbwa.

Sehemu za jino

Mtu mzima aliyeota meno yote huwa na meno 32: manane ya mbele ya kukatia, chonge nne, magego madogo manane na magego makubwa 12. Sehemu inayoonekana kinywani huitwa taji, na ile iliyojificha ndani ya ufizi na mfupa wa taya ndiyo mzizi. Taji hufunikwa na enameli, ambayo ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Chini ya enameli kuna dentini, na ndani kabisa ya dentini kuna uwazi uliojaa nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Nyama hiyo itaitwa hapa kiini cha jino.

Uwazi huo una sehemu mbili. Ya kwanza iko ndani ya taji nayo ni pana kiasi. Hiki ni chumba cha kiini. Ya pili ni njia nyembamba zinazoanzia sakafuni mwa chumba hicho na kuteremka ndani ya mizizi hadi nchani, ambako mishipa huingilia kutoka mfupani. Njia hizo ndizo mifereji. Kwa hiyo mzizi ni umbo la nje linaloshika jino tayani, na mfereji ni njia iliyomo ndani ya mzizi. Tofauti hii ni sahili kuitaja, lakini ndiyo msingi wa mambo yote yanayofuata.

Kiini huuguaje?

Jino linapooza, vijidudu hupenya enameli na dentini hadi kukifikia kiini. Kwa kuwa kiini kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, uvimbe unaotokea hauna nafasi ya kutanuka. Hapo ndipo maumivu makali ya usiku huanza. Baadaye kiini hufa, maumivu huweza kutulia, na mgonjwa hudhani kwamba amepona. Vijidudu hata hivyo huendelea kustawi katika mabaki ya kiini kilichokufa, huteremka mfereji na kutokea nchani mwa mzizi, ambako husababisha uvimbe na usaha mfupani.

Kwamba vijidudu ndivyo kiini cha tatizo hili lilithibitishwa mwaka 1965 na Kakehashi, Stanley na Fitzgerald nchini Marekani. Watafiti hao walitoboa magego ya panya wa aina mbili: panya wa kawaida na panya waliolelewa katika mazingira yasiyo na kijidudu chochote. Viini vya meno ya panya wa kawaida viliharibika na kufa. Vya wale wengine vilibaki hai, na hata vikaanza kujenga dentini mpya ya kufunika tundu, ijapokuwa vilikuwa vimeachwa wazi vikiguswa na chakula.

Funzo la jaribio hilo ni kwamba lengo la tiba ni kuondoa vijidudu na chakula chao katika uwazi wote wa ndani, kisha kuuziba uwazi huo ili visirejee. Neno la kutiliwa mkazo hapa ni "wote". Tabibu anayesafisha mifereji mitatu na kuiacha wa nne amefunga milango mitatu ya nyumba yenye milango minne.

Mchoro wa kitabuni na hali halisi

Katika michoro mingi ya shuleni, jino huonyeshwa likiwa na mizizi miwili iliyonyooka, na ndani ya kila mzizi mna mfereji mmoja ulionyooka vilevile. Mchoro huo unafaa kwa mwanafunzi anayeanza, lakini maumbile hayaufuati.

Mmoja wa waliolidhihirisha jambo hili ni Walter Hess wa Zürich, Uswisi, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1917. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1925. Hess alichunguza meno karibu 2,800. Alijaza mpira ndani ya mifereji, akaugandisha, kisha akaliyeyusha jino lenyewe kwa tindikali. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa ni umbo la uwazi wa ndani peke yake. Umbo hilo lilikuwa na matawi, mapindo, vijia vya kuunganisha mfereji na mfereji, na vijitawi vingi karibu na ncha.

Mwaka 1969, Weine na wenzake walichunguza mzizi mmoja tu wa jino moja: mzizi wa mbele ulio upande wa shavu katika gego kubwa la kwanza la juu. Walipasua meno 208 na kugundua kuwa zaidi kidogo ya nusu ya mizizi hiyo ilikuwa na mifereji miwili, si mmoja kama ilivyodhaniwa na wengi. Ugunduzi huo ulitoa sababu mojawapo ya kwa nini jino hilo lilikuwa likiendelea kusumbua hata baada ya kutibiwa kwa uangalifu.

Aina za mifereji

Uainishaji unaotumiwa sana ni ule wa Frank Vertucci wa mwaka 1984. Vertucci aliyaondolea madini meno 2,400, akaingiza rangi katika mifereji yake, kisha akayafanya yawe angavu kama kioo hivi kwamba njia za ndani zilionekana kwa macho. Aligawa mifereji katika aina nane kwa kufuata namna inavyogawanyika na kuungana ndani ya mzizi mmoja.

Aina hizi zinaeleweka kwa urahisi zikilinganishwa na mito. Katika aina ya kwanza, mto ni mmoja tangu chemchemi hadi baharini. Katika ya pili, mito miwili huanza mbalimbali na kuungana kabla ya kufika baharini. Katika ya tatu, mto mmoja hugawanyika ukazunguka kisiwa, kisha ukaungana tena. Katika ya nne, mito miwili hutiririka sambamba bila kukutana. Katika ya tano, mto mmoja hugawanyika karibu na mwisho na kuingia baharini kwa vinywa viwili. Katika ya sita, mito miwili huungana kisha ikatengana tena. Katika ya saba, mto mmoja hugawanyika, huungana na kugawanyika mara ya pili. Katika ya nane, mito mitatu hutiririka kila mmoja kivyake. Aidha, mfereji unapotawanyika nchani kuwa vijitawi vingi, wataalamu huita umbo hilo delta, kama isemwavyo kuhusu Mto Tana unapokaribia Bahari ya Hindi.

Aina ya tano ndiyo hatari zaidi kwa tabibu asiye makini. Anapotazama kutoka juu huona mlango mmoja tu. Akiteremka moja kwa moja, huingia tawi moja na kulipita la pili bila kujua kuwa lipo.

Mfumo wa aina nane nao haukumaliza kila kitu, kwa kuwa wachunguzi wa baadaye walikuta maumbo yasiyoingia katika aina yoyote kati ya hizo. Mwaka 2017, Ahmed na wenzake walipendekeza mfumo mpya unaoandika kwa pamoja namba ya jino, idadi ya mizizi yake, na njia ya kila mfereji tangu mlangoni hadi nchani. Ni muhimu kutambua kwamba mfumo huo unahesabu mizizi na mifereji kama vitu viwili mbalimbali.

Tofauti kati ya jino na jino

Gego kubwa la kwanza la juu kwa kawaida lina mizizi mitatu: miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa. Mifereji yake huweza kuwa mitatu, lakini mara nyingi huwa minne kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Gego kubwa la kwanza la chini lina mizizi miwili, ilhali mifereji yake kwa kawaida ni mitatu na pengine minne. Jino hili huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, na baadhi ya wazazi hudhani kuwa nalo litang'oka na kuota jingine. Kwa hiyo huoza mapema na kuwa miongoni mwa meno yanayohitaji tiba hii mara kwa mara.

Meno ya mbele ya chini huonekana sahili kwa kuwa yana mzizi mmoja mwembamba. Hata hivyo, katika baadhi ya tafiti takriban meno mawili kwa kila matano yamepatikana yakiwa na mifereji miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Gego dogo la kwanza la chini nalo huwa na mzizi mmoja, lakini Vertucci alikuta kuwa karibu robo ya meno hayo yana mifereji miwili.

Zipo pia tofauti za kijamii na za kinasaba. Katika baadhi ya magego ya pili ya chini, mizizi huungana na mfereji ukawa mpana na kupinda mfano wa herufi C. Umbo hili lilielezwa na Cooke na Cox mwaka 1979. Katika baadhi ya tafiti za Uchina na Korea limepatikana katika thuluthi moja hivi ya magego hayo, ilhali Ulaya ni nadra zaidi. Hali kadhalika, gego la kwanza la chini lenye mzizi wa tatu upande wa ulimi hupatikana zaidi Asia ya Mashariki kuliko Ulaya na Afrika.

Katika Afrika Mashariki, Rwenyonyi na wenzake wa Uganda walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa magego ya juu ya wananchi wa nchi hiyo, na mwaka 2009 ule wa magego ya chini. Katika mzizi ule uliochunguzwa na Weine, wao walikuta kwamba mizizi iliyo wengi ilikuwa na mfereji mmoja. Tofauti hiyo yaweza kutokana na jamii iliyochunguzwa au mbinu iliyotumiwa. Kwa vyovyote vile, inaonyesha kuwa takwimu za mahali pamoja haziwezi kuhamishiwa pengine bila uangalifu, na kwamba eneo hili linahitaji tafiti zake lenyewe.

Umri nao huleta tofauti. Ncha ya mzizi wa jino jipya huwa wazi, na huchukua miaka mitatu hivi tangu jino kuota hadi kujifunga. Baadaye dentini huendelea kuongezeka ndani, hivyo mifereji ya mzee huwa myembamba na migumu kuonekana kuliko ya kijana.

Umuhimu katika tiba

Mwaka 2016, Karabucak na wenzake wa Marekani walichunguza kwa picha za vipimo vitatu meno 1,397 yaliyokuwa yamekwisha kutibiwa. Takriban 23 kwa kila 100 yalikuwa na mfereji ambao haukuguswa. Uwezekano wa meno hayo kuwa na dalili za ugonjwa nchani ulikuwa zaidi ya mara nne ukilinganishwa na meno ambayo mifereji yake yote ilijazwa.

Tabibu huutafutaje mfereji uliojificha? Kwanza, hupiga picha za eksirei kwa pembe zaidi ya moja, kwa kuwa katika picha ya pembe moja mfereji wa nyuma hufunikwa na wa mbele. Pili, husoma sakafu ya chumba cha kiini. Krasner na Rankow, waliochunguza meno 500 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004, walionyesha kwamba sakafu hiyo ina rangi iliyokoza kuliko kuta, na kwamba milango ya mifereji hupatikana pale sakafu inapokutana na ukuta. Waliona pia kuwa katika meno mengi milango hiyo hupangika kwa ulinganifu. Ikiwa mlango mmoja uko kando ya mstari wa katikati na hauna mwenzake, tabibu ana sababu ya kuendelea kutafuta. Tatu, hutumia hadubini, na pale inapolazimu, tomografia inayoonyesha jino kwa vipimo vitatu.

Baada ya kuipata mifereji, huisafisha kwa tupa nyembamba kama sindano. Kwa kuwa tupa hazifiki katika vijia na vijitawi vyote, huosha kwa hipokloriti ya sodiamu, kemikali iliyomo pia katika dawa za kung'arisha nguo nyeupe, lakini kwa kipimo cha kitabibu. Mwishowe mifereji huzibwa kwa gatapacha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Shughuli hii yaweza kuhitaji zaidi ya ziara moja.

Suala la lugha

Kufikia hapa, kauli tatu zilizotajwa katika utangulizi zinaweza kupimwa. "Kuua mshipa" kunampa mgonjwa fikra kwamba mshipa ukishakufa kazi imekwisha. Maumivu yanapotulia baada ya ziara ya kwanza, haoni sababu ya kurudi, kumbe kilichokufa ndicho kinachowalisha vijidudu. "Kuziba jino" kunachanganya kuziba tundu la taji, kazi inayoweza kumalizika kwa kikao kimoja kifupi, na kuziba mifereji. "Kusafisha mzizi" nako kunaweka mzizi mahali pa mfereji. Mgonjwa aliyeambiwa kuwa jino lake lina mizizi miwili, kisha akasikia kwamba minne imesafishwa, ana haki ya kushuku kuwa anadanganywa au anatozwa fedha zisizo halali.

Suala hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, hatari na gharama zake, na aeleze kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Sharti hilo haliwezi kutimizwa kwa lugha isiyotofautisha vitu ambavyo tiba yenyewe inavitofautisha.

Je, Kiswahili kinapungukiwa? La hasha. Maneno "mzizi" na "mfereji" yamo katika lugha tangu zamani, na kila moja linabeba sitiari ifaayo. Mzizi ni wa mti, nao hushika; mfereji ni wa maji, nao hupitisha. Zaidi ya hayo, umoja na wingi pamoja na kihusishi cha a-unganifu vinatosha kueleza hali zote nne za msingi. "Mfereji wa mzizi" ni njia moja ndani ya mzizi mmoja, kama katika chonge nyingi. "Mifereji ya mzizi" ni njia zaidi ya moja ndani ya mzizi mmoja, kama katika gego la Weine. "Mfereji wa mizizi" ni njia moja iliyoenea katika mizizi iliyoungana, kama katika umbo la herufi C. "Mifereji ya mizizi" ni jino zima lenye njia nyingi katika mizizi mingi. Kiswahili hulazimika kutaja idadi katika nomino zote mbili, na lazima hiyo ya kisarufi hapa inageuka kuwa faida ya kitabibu.

Kwa kuzingatia vigezo vya uwazi, usahihi na iktisadi, istilahi zilizotumiwa katika makala haya zinaweza kupendekezwa: kiini cha jino, chumba cha kiini, mlango wa mfereji, ujia kwa njia inayounganisha mifereji miwili, na tiba ya mifereji ya mizizi kwa tiba yenyewe. Hakuna istilahi kati ya hizi inayohitaji mgonjwa awe amesoma udaktari.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maumbile ya ndani ya jino hutofautiana kati ya jino na jino, mtu na mtu, jamii na jamii, na kijana na mzee, na kwamba kufaulu kwa tiba kunategemea kuitafuta mifereji yote bila kukisia kwa kuhesabu mizizi. Yameonyesha pia kuwa Kiswahili kinaweza kuyaeleza haya kwa maneno yaliyomo vinywani mwa wasemaji wake. Kazi iliyobaki inawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kwa ushirikiano na wale wa tiba ya meno: kukusanya maneno yanayotumiwa kliniki, kuyapima kwa vigezo vya uundaji istilahi, na kuyarejesha kliniki yakiwa yamesanifiwa. Mgonjwa akielezwa waziwazi kuwa mzizi mmoja wa jino lake una mifereji miwili na kwamba ni mmoja tu uliokwisha kusafishwa, atajua kwa nini anatakiwa kurudi wiki ijayo hata kama haumwi tena. Akirudi, huenda pengo lisipatikane, na jino la pembe lisihitajike.